Namna ya Kuwinda Vitambaa vya Shosho

Tuseme wewe ni mtu wa Nairobi. Una duka dogo la vitu vya zamani, au una mkahawa mpya ambao ungependa kuta zake zionekane zina ukoo. Umetazama video za Wamarekani wakinunua mali ya marehemu, ukaona mambo yalivyo mepesi huko: mzee anafariki, watoto wanakodi kampuni, kampuni inabandika bei kwenye kila kijiko, na Jumamosi asubuhi majirani wanapiga foleni uani, kahawa mkononi. Kufika saa nane mchana nyumba ni tupu. Huyu amebeba taa, yule amebeba shuka za kitanda alichofia mwenyewe, na hakuna aliyelaaniwa.

Sasa umesikia kwamba Meru na Embu kumejaa leso za enzi za Mzee Kenyatta, mablanketi mazito yasiyojua kuchakaa, na vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa mkono. Gari umelijaza mafuta, pesa umezivunja ziwe noti ndogondogo, na unachotaka kujua ni nyumba ipi inauza. Mwongozo huu ni wako. Ukipita Mwea, simama ununue kilo kadhaa za mchele wa pishori. Usiulize ni wa nini. Utajua.

Kutafuta mnada ambao haupo

Huku mali ya marehemu haiuzwi. Hugawanywa, hugombaniwa, hufungiwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa ndugu asiyesemezana na wenzake, huliwa na mchwa. Kuuzwa uani kwa wapita njia, hapana. Ukikuta kigoda cha mzee kinauzwa kando ya barabara, ujue ama kimeibwa, ama nyumbani humo kuna kijana anayehitaji kuombewa.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa taratibu, anza na Gazeti Rasmi la Serikali linalotoka kila Ijumaa. Humo utakuta safu kwa safu za maombi ya kusimamia mirathi kutoka mahakama za Meru na Embu, na wenye pingamizi wamepewa siku 30 wajitokeze. Zisome kwa makini, kwa sababu hizo ndizo nyumba ambazo huwezi kununua chochote. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema katika kifungu cha 45 kwamba mtu anayeishika au kuiuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ametenda kosa, na anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka 1, au vyote viwili. Yaani kijana anayekunong'oneza nyuma ya zizi kwamba blanketi la guka unaweza kulichukua kwa mia tano anakuuzia blanketi pamoja na kesi. Hata msimamizi akishapata barua zake, kwa kawaida ni mpaka miezi 6 ipite ndipo mahakama ithibitishe nani apate nini. Hiyo ni miezi ya kwenye karatasi. Kesi ya ekari tatu na nyumba mbili inaweza kumstaafisha wakili aliyeifungua.

Halafu kuna kifungu cha 35. Mzee akifariki bila wosia, akaacha mke na watoto, vitu vya mwilini na vya nyumbani ni vya mjane moja kwa moja. Sheria hiyo imevitaja vitu hivyo kwa ukarimu wa mtu anayekagua kabati: nguo, mapambo, fanicha, picha, vyombo, hata vyakula na vinywaji. Bunge liliketi, likakifikiria kile kitambaa unachokitaka, likaamua ni cha shosho. Kwa hiyo usipoteze muda kwa wana wa kiume. Hao watakutajia bei ya shamba kabla hujaketi, lakini ukiuliza juu ya vitambaa watakutuma kwa mama yao. Mama atasema vile ni vya binti yake. Binti yuko Qatar, na simu yake inapatikana baada ya saa tano usiku.

Usijaribu pia njia ya redio. Ni kweli matangazo ya vifo husomwa hewani, na ukitega sikio Muuga FM upande wa Meru au Wimwaro FM upande wa Embu utasikia jina la marehemu, la baba yake, la kijiji, na watoto wote mmoja mmoja hadi wale walioko ng'ambo. Ni tangazo lenye maelezo kamili kuliko ramani yoyote. Lakini mtu anayesikiliza vifo huku ameshika kalamu hujulikana upesi. Atakapofika matangani na koti lake la Nairobi, akiwa wa kwanza kusifu pazia, watu watamsogezea kiti karibu na mzee wa kijiji ili achunguzwe vizuri.

Kuna wanaofikiria madalali wa mahakama. Hao kweli huuza: televisheni, friji, makochi ya mdeni aliyeshindwa. Ila sheria imekuwahi huko pia. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinakataza kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdeni, mkewe na watoto wake. Dalali anaweza kuondoka na kochi, blanketi litabaki. Na hilo kochi, majirani hawatalinunua. Wataenda mnadani kwa wingi, wataangalia, watasikitika, watarudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu hakuna anayetaka kulikalia kochi la jirani huku jirani mwenyewe akipita njiani kila siku kumsalimu.

Mnada wa kweli wewe umeuchelewa kwa miaka sitini na kitu. Uhuru ulipokaribia na kufika, mwaka 1963, walowezi wengi wa upande wa Timau na Nanyuki walifunga virago, na kisichoingia melini kiliuzwa au kiliachiwa wapishi na matopasi. Ndiyo maana unaweza kukuta, kwenye kibanda cha mbao chini ya mlima, sahani ya kauri yenye maua ya waridi ya Kiingereza, haina hata ufa, ikifunika sufuria ya githeri. Mwenye nyumba atakwambia ilikuwa ya baba. Baba alikuwa mpishi. Usimuulize bwana aliipata wapi.

Kuketi

Basi mnada hakuna. Kilichopo ni kiti, chai, na muda wako wote wa mchana.

Ukifika nyumbani kwa mtu upande wa Meru, salimia, subiri ukaribishwe, keti unapoonyeshwa, na usinyanyue macho kutazama vitambaa. Vitambaa umevikalia. Viko nyuma ya kichwa chako, chini ya viwiko vyako, juu ya meza, juu ya redio, juu ya televisheni, na kimoja kimefunika kingine ili kisiingie vumbi. Toa mchele. Toa sukari na majani ya chai. Toa leso mpya, nzima, ikiwa bado haijakatwa. Ukija na leso iliyokwisha kukatwa na kupindwa utaulizwa nani ameivaa. Wazee wa kiume wana mahitaji yao na wewe uyajue kabla ya kuvuka mto Thuci: usipeleke muguka Maua, wala usimpelekee mzee wa Siakago miraa ukidhani umemheshimu. Kila upande unaamini kwamba majani ya wenzao ni chakula cha mbuzi.

Kisha kunywa chai. Yote. Usiseme umeacha maziwa. Utaulizwa kwenu ni wapi, wa nani, umeoa au umeolewa, na kwa nini. Jibu. Hayo maswali ndiyo kiingilio cha mnada, na ukiyakwepa ujue umefukuzwa, ingawa utaendelea kumiminiwa chai.

Baada ya kikombe cha pili unaweza kuthubutu. Mazungumzo yatakwenda hivi, au karibu na hivi.

"Shosho, hiki kitambaa ni kizuri sana. Ulikifuma mwenyewe?"

"Nilikifuma."

"Unaweza kuniuzia?"

"Hicho si cha kuuza. Ni cha wageni."

"Na mimi ni mgeni."

"Basi kikalie."

Hapo umekwisha. Wala usiongeze bei, kwa sababu ukitaja elfu mbili shosho ataelewa kwamba ni cha elfu ishirini, na kuanzia siku hiyo kitawekwa sandukuni, na hutakiona wewe, hawatakiona wageni, hata wakwe watakaokuja kuposa watakalia mbao tupu. Sifu. Uliza habari za ufumaji. Omba kuonyeshwa sindano. Rudi mwezi ujao.

Ukiishika kazi yenyewe

Ngoja sasa tukitazame hicho kitambaa, maana wengi hukinunua bila kukiona. Ni pamba nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya chai. Kati kuna ua la duara, limezungukwa na nyavu za vijidirisha, na ukingoni kuna meno madogo yaliyosimama wima. Yamesimama kwa sababu kimepigwa wanga, uji mwepesi wa unga uliochujwa, kikanyooshwa kwa pasi ya makaa kikiwa bado na unyevu. Kigeuze. Kazi ya mashine upande wa nyuma huwa na nyuzi zilizotangatanga. Ya mkono huwa karibu sawa pande zote mbili, na mahali fulani utaona fundo ambapo uzi uliisha na mwingine ukaungwa. Pale uzi mpya ni mweupe kidogo kuliko wa zamani. Nauli ya kwenda mjini kununua uzi ilichelewa.

Shosho alijifunza wapi? Mara nyingi atakujibu kwa neno moja: Maendeleo. Maendeleo ya Wanawake ilianza mwaka 1952, mwaka uleule Hali ya Hatari ilipotangazwa, na vilabu vyake vilifundisha kushona, kufuma, kupika na usafi wa nyumba. Serikali ya kikoloni ilivipenda vilabu hivyo kwa sababu ya ziada: ilitumaini vingewavuta wanawake mbali na Mau Mau. Embu ilikuwa katikati ya mambo hayo, watu wakahamishiwa vijiji vyenye mahandaki na walinzi. Kwa hiyo ua hilo jeupe unalotaka kulitundika juu ya mashine ya kahawa huenda lilifumwa na mwanamke aliyekuwa akihesabiwa jioni kabla ya lango kufungwa. Au huenda lilifumwa mwaka 1987 kwa ajili ya harusi ya dada yake. Usibuni. Muulize, na ukishaambiwa, liandike jibu lake kama lilivyo badala ya kuandika lebo yenye neno "asilia".

Kabuti ni somo jingine. Kila boma lenye mzee aliyezaliwa kabla ya vita vya pili lina kabuti, na kila kabuti limepigana Burma. Kweli wapo waliokwenda: wanajeshi wa King's African Rifles kutoka Kenya walipigana Burma mwaka 1944, na baadhi walirudi na vitu vyao. Ila ukikusanya makabuti yote yaliyopigana Burma kati ya Runyenjes na Kianjai, Wajapani wasingedumu wiki moja. Mengine yalinunuliwa baadaye, mengine yalikuwa ya mabawabu wa mjini. Angalia ndani, kwenye bitana au mfuko wa kifuani. Uingereza ilikuwa ikipiga mali ya jeshi muhuri wa mshale mnene, na mara nyingi mwaka huwa karibu na mshale huo. Wino ukiwa umefutika, angalia vifungo, angalia uzito. Sufu ya jeshi haikunjiki kwa hiari. Harufu itakuwa ya moshi, ugoro na mvua ya Julai. Usilipeleke kwa dobi. Ukishalifua umebaki na koti tu.

Mfukoni unaweza kukuta kipande. Namaanisha kile cha wakoloni: karatasi yenye alama za vidole, majina ya waajiri na mishahara waliyolipa, ambayo kuanzia karibu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nayo ndani ya kijaluba cha chuma kinachoning'inia shingoni, hadi utaratibu huo ulipokomeshwa mwaka 1947. Yupo kijana atakayekuuzia hicho kijaluba kwa bei ya soda mbili. Hapa mwongozo unaacha mzaha kwa sentensi moja: mrudishie, umwambie akiweke ndani, na amwombe babu au shangazi amsomee majina yaliyoandikwa humo.

Leso tunaweza kuzipita haraka, kwa sababu zinajieleza zenyewe. Tafuta pindo, mji, na jina lililoandikwa chini ya mji. Alama ya "Mali ya Abdulla" ni ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, na bado linatoa leso mpya, kwa hiyo alama peke yake haithibitishi uzee. Kuna pia vitenge vya matukio makubwa, vya vyama na vya dini. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Kenya mwaka 1980, 1985 na 1995, na katika nyumba za Wakatoliki wa Meru uso wake bado umekunjwa vizuri, nne kwa nne, chini ya Biblia. Hicho usikiguse. Kuna vitu ambavyo hata kuvisifu ni kuvitaja bei.

Sarafu na miujiza

Habari ikishaenea kwamba kuna mtu anayenunua vitu vya zamani, utaletewa sarafu. Zitakuwa zile za shaba zenye tundu katikati, senti 5 na senti 10 za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Na hapo hapo atajitokeza mjukuu aliyesoma kwenye simu kwamba iliyoandikwa 1936 yenye jina la Edward wa Nane ina mamilioni, kwa kuwa mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka huohuo kabla hajavikwa taji. Sehemu ya mfalme ni kweli. Sehemu ya mamilioni si kweli: kwa kuwa sarafu hizo zina tundu na hazina kichwa cha mfalme, zilitengenezwa nyingi bila shida, na hata leo zimejaa kwenye makopo ya Kimbo. Mpe mia, mshukuru, ondoka kabla hajaita wenzake.

Ukiulizwa kuhusu cherehani ya Singer na zebaki nyekundu, jibu kwa upole. Mwaka 2009 uvumi huo uliwashika Wasaudi, watu wakawa wananunua cherehani kuukuu kwa maelfu ya riali wakiamini kuna kitu cha ajabu ndani ya sindano au shina lake. Hakikuwemo. Lakini usimcheke anayekuuliza, kwa maana huko Tanzania wapo watu wazima waliochimba hadi chini ya mibuyu wakitafuta rupia za Mjerumani, na hao nao walikuwa na ramani. Cherehani ya shosho ina thamani yake: inashona. Mwambie hivyo. Adui yake mkubwa ni kijana wa mkokoteni anayenunua vyuma kuukuu kwa kilo, ambaye hajali ni Singer au ni jembe. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, cherehani kadhaa zilipata miezi michache ya kupumua. Marufuku ikaondolewa Mei.

Mirathi ya watu wengine

Sasa siri ambayo ungeijua mapema usingekuja na gari. Mauzo ya mali ya marehemu unayoyatafuta yapo Meru mjini, yapo Embu, na hufanyika mchana kweupe. Nenda soko la Gakoromone bale la mitumba likifunguliwa.

Wazee, hasa wa upande wa Tanzania, waliziita nguo hizo kafa Ulaya, na hawakukosea sana. Bale la UK au la Kanada hubeba makabati ya watu walioondoka: blauzi ya bibi mmoja wa Leeds, shuka alizopewa siku ya harusi, kitambaa cha mezani alichokidarizi kwa mkono, vyote vimesafishwa na watoto wake kwenye mifuko, vikapelekwa kwa shirika la hisani, vikauzwa kwa kilo, vikapita Mombasa, vikafika hapa chini ya turubai. Ile foleni ya Jumamosi uliyoiona kwenye video, mabaki yake ndiyo haya. Na yule bibi wa Leeds hana hata mtu mmoja sokoni anayejua jina lake, kwa hiyo hapa unaweza kunyoosha mkono bila kunywa chai.

Fika mapema, kwa sababu kamera, yaani nguo bora za bale, huondoka kwanza. Baada ya hapo bei hushuka, na jioni mnafikia fagia, ambapo kila kitu ni shilingi kidogo na mikono ni mingi. Waachie wengine wagombanie jinzi. Wewe tafuta kitu kizito, kilichoshonwa vizuri, ambacho muuzaji amekitupa pembeni kwa sababu hakina lebo inayojulikana. Soma zipu: ya chuma ina umri mkubwa kuliko ya plastiki. Soma lebo: michoro midogo ya kufua na kupiga pasi haikuenea kabla ya miaka ya 1970. Ukikuta lebo yenye alama ya CC41, hiyo ni nguo ya Uingereza ya wakati wa ubanaji wa vita, iliyotengenezwa kati ya 1941 na 1952, na kuna watu London wangekulipia nauli. Chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti mbali na bale: pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi, poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Muuzaji akikuuliza unafanya nini, mwambie unavuta sigara.

Wakati uko hapo, unaweza pia kukasirika kidogo, kama una nafasi. Mbeere na Tharaka zimelima pamba. Nanyuki ilikuwa na kiwanda cha nguo, Mountex. Eldoret ilikuwa na Rivatex na mablanketi ya Raymond ambayo hadi leo ndiyo kipimo cha blanketi la mkwe. Uagizaji wa mitumba ulipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, huku viwanda vyenyewe vikiwa na madeni na usimamizi mbovu, vingi vilianguka. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 baada ya kulala miaka. Ndiyo sababu blanketi la Raymond la shosho ni la thamani kuliko unavyodhani, na ndiyo sababu anajua.

Kuondoka na kitu bila kuondoka na dhambi

Kabla ya kufunga buti, kumbuka Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya 2006. Kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni kitu cha kale kisheria, na hakivuki mpaka bila kibali. Mteja wako wa Berlin hahitaji kuelezwa hayo kwa ujumbe wa simu uwanjani Jomo Kenyatta. Ukipata kitu cha namna hiyo, Makumbusho ya Meru yako palepale mjini, katika jengo lililokuwa ofisi ya DC, na wahusika watafurahi kukiona kuliko utakavyofurahi wewe kuhojiwa.

Vitu vya wazee wa mila, fimbo, usinga, chochote kinachotajwa kwa sauti ya chini pamoja na jina la Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, usinunue hata ukipewa bure. Kama unadhani huo ni ushirikina, uliza yaliyowapata walionunua vigango, nguzo za ukumbusho za Wamijikenda. Viwili vilivyoibwa kutoka boma moja la Pwani mwaka 1985 viliishia katika makumbusho ya Illinois na Chuo Kikuu cha Hampton huko Marekani, vikakaa huko hadi viliporudishwa 2007. Waliovinunua walikuwa watu wasomi wenye risiti. Risiti haikusaidia.

Inabaki bei ya blanketi. Shosho hatakuuzia, hilo tumekwisha kulijua. Lakini anaweza kubadilishana. Pesa humtukana, kitu kwa kitu ni mambo ya watu wazima. Mkazamwana wake amemwambia mara nyingi kwamba lile blanketi linawasha, ni la kizamani, linatia aibu wageni wakilala. Rudi na duveti la Eastleigh, kubwa, la watu wawili, pamoja na shuka na foronya zake. Liwe la kahawia au zambarau iliyokolea. Usilete jeupe, atakwambia ni la hospitali. Na usithubutu kulitoa kwenye nailoni yake ili kumwonyesha ulaini wake. Nailoni ikitoka, duveti limekuwa mtumba, na itabidi uongeze mchele.